Mgodi umefungwa, sumu imebaki uani: hatari kwa afya inapimwaje? (Kabwe na maeneo yetu)

Mpima Udongo

Wakuu, habari za leo.

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu. Kapata kiwanja cha bei nafuu sana pembeni ya mgodi wa zamani, Kanda ya Ziwa. Dalali kamwambia, "Mgodi ulishafungwa kitambo, hapo hakuna tena madini wala dawa." Swali lake likawa moja tu: nijenge au nisijenge? Nina miaka kumi na mbili kwenye kazi ya kuchukua sampuli za udongo na maji, na bado nilishindwa kumjibu kwa simu. Nimeona nilete jambo hili hapa kwa urefu, kwa sababu najua viwanja vya namna hiyo ni vingi na wanaovinunua ni watu wetu.

Niwapeleke kwanza Kabwe, Zambia. Anayekwenda Lusaka kwa barabara akitokea Tunduma anapita mji huo, akishaiacha Kapiri Mposhi ambako reli ya TAZARA inaishia. Kabwe kulikuwa na mgodi wa risasi na zinki. Nasema risasi ile ya kwenye betri za magari. Ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, mji ukiitwa Broken Hill, ukafungwa mwaka 1994. Walichimba na kuyeyusha hapohapo, na moshi wa miaka yote hiyo ukashuka juu ya nyumba za wafanyakazi. Upepo wa kule mara nyingi unavuma kuelekea magharibi, na magharibi ndiko waliko watu wa Kasanda na Makululu.

Mgodi ukafungwa, milima ya mabaki ikabaki wazi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya watoto 246 wa chini ya miaka 7 kutoka Kasanda, Makululu na Chowa. Wote, bila kubaki hata mmoja, walikuwa juu ya mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu. Wanane walivuka 150. Wa juu kabisa alifika 427.8. Kuanzia 45, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto apewe dawa ya kuitoa risasi mwilini. Na wale watoto walizaliwa mgodi ukiwa umeshafungwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa tathmini yenyewe. Mtu anaposema "hapa pana sumu", bado hajasema kama pana hatari. Ili hatari iwepo lazima vitu vitatu vikutane: chanzo, njia, na mtu. Chanzo ni lile rundo la mabaki, au udongo ulioshika sumu. Njia ni vile sumu inavyotoka pale kuingia mwilini: vumbi, maji, chakula, mikono ya mtoto. Mtu ni nani anaishi pale, ana umri gani, anashinda hapo saa ngapi. Kata njia, umepunguza hatari hata kama rundo bado lipo. Iache njia wazi, na rundo dogo litaumiza watoto.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye ripoti ni kupima lundo na kisima, basi. Kisima kikiwa safi wanaandika "hakuna athari kwa jamii". Kabwe ingepimwa kwa mtindo huo ingefaulu kwenye maeneo mengi, kwa sababu njia kuu pale imeonekana kuwa udongo na vumbi la nyumbani, na maji yanakuja nyuma sana. Mtoto anatambaa uani, anaweka vidole mdomoni. Njia ndiyo hiyo.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Dereva wa Tunduma

Mkuu umenigusa. Kabwe napita mara mbili kwa mwezi, na wakati mwingine tunalala pale gari likiwa na hitilafu. Hakuna aliyewahi kutuambia kitu. Je, na sisi tumo?

Mpima Udongo

Pole na safari, kaka. Usiogope kwa kupita. Hatari inakwenda na kipimo na muda. Wewe ni mtu mzima, unapita barabara kuu, unalala usiku mmoja ndani ya gari. Mtoto wa Kasanda yupo kwenye udongo ule kila siku tangu aanze kutambaa, na mwili wake unafyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya wako kwa kiasi kilekile alichomeza. Tofauti yenu ni kubwa mno. Nawa mikono kabla ya kula, na usibebe mchanga wala mawe ya pale kwenda nayo nyumbani.

Mzee wa Mwalo

Salaam wanajamvi. Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye machimbo. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, tumeyachezea tukiwa watoto, nyumba tumejengea magwangala, yale mawe yanayotupwa na migodi, zebaki tumeshika kwa mikono. Leo nina miaka 58, nina wajukuu, nadunda. Siwapingi wataalamu, ila naona wakati mwingine mnatia watu hofu na kushusha bei ya maeneo yao. Tuoneshe hesabu.

Mpima Udongo

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki kabisa, na hesabu hii hapa. Nitatumia namba ambazo mtu yeyote anaweza kuzirudia.

Chukua ua wenye miligramu 2,000 za risasi kwa kila kilo ya udongo. Kwa mtaa ulio jirani na mgodi wa risasi hicho si kiwango cha ajabu. Marekani kwa miaka mingi kikomo cha ua wa kuchezea watoto kilikuwa 400, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Mtoto wa miaka mitatu anameza udongo kiasi gani kwa siku bila kujua? Kadirio la kawaida ni miligramu 100, na wengine wanatumia 200. Miligramu 100 ni pungufu ya chumvi unayoibana kwa vidole viwili. Udongo huo mdogo unabeba mikrogramu 200 za risasi. Kwa wiki ni 1,400. Mtoto ana kilo 15, kwa hiyo kila kilo ya mwili wake inapokea kama mikrogramu 93 kwa wiki.

Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilikuwa na kikomo cha mikrogramu 25 kwa kilo kwa wiki. Mwaka 2010 wakakifuta, kwa sababu waligundua kwamba hata kwa kiasi hicho akili ya mtoto inapungua kwa alama zisizopungua tatu kwenye vipimo vya uwezo wa akili, na hawakuona kiwango chochote wanachoweza kukiita salama. Mtoto wetu yupo karibu mara nne ya kikomo ambacho chenyewe kilifutwa kwa kuwa hakilindi.

Kuhusu kudunda, mzee wangu, namshukuru Mungu kwa afya yako. Lakini risasi haina harufu, na mtoto aliyeathirika kidogo haonekani mgonjwa. Anakuwa mzito kushika masomo, hatulii, damu inapungua. Mwalimu anasema mvivu. Mzazi anasema mkaidi. Hakuna anayekumbuka udongo. Na machimbo uliyokulia ni ya dhahabu, sumu zake ni nyingine. Nitalisema hilo chini.

Mzee wa Mwalo

Marahaba. Hesabu nimeielewa. Hilo la mwalimu kusema mvivu limenikaa kichwani. Endelea.

Nesi wa Zamu

Nichangie upande wa hospitali. Kipimo cha damu kwa tone la kidoleni kipo, mashine ndogo ya kubeba mkononi, majibu kwa dakika chache. Ila vidole vya watoto wa maeneo haya vina vumbi lenye risasi. Usipomwosha vizuri kwa sabuni kabla ya kumtoboa, utapima uchafu wa kidole ukadhani ni damu. Majibu ya juu lazima yarudiwe kwa damu ya mshipani. Pia baadhi ya mashine hizo zinaishia mikrogramu 65 kwa desilita, juu ya hapo zinakuandikia tu kwamba ni juu.

Dawa za kuitoa risasi zipo, lakini hazimsaidii mtoto anayerudi ua uleule jioni. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalikuwa yakisagwa majumbani. Madaktari wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) walisubiri nyua zisafishwe kwanza ndipo wakaanza kuwatibu watoto wa kijiji husika. Wengine waliona ni ukatili. Mimi kama nesi naona walikuwa sahihi, ingawa nisingependa kuwa mimi wa kumwambia mama asubiri.

Mama Wawili

Naomba kuuliza, samahani kama swali ni la kijinga. Mimi nilipokuwa mjamzito nilikuwa nakula sana pemba, ule udongo wa kula unaouzwa sokoni. Na wengine kwetu wanachimba wenyewe kwenye kichuguu. Hiyo nayo mnaihesabu kwenye hizo tathmini?

Mpima Udongo

Dada, hilo swali linapaswa kubandikwa ukutani kwa kila anayefanya kazi hii. Fomula nyingi tunazotumia zimeandikwa kwa maisha ya Marekani: nyumba ya sakafu, zulia, bustani ya nyasi, mama asiyekula udongo. Ukizichukua zilivyo ukazileta kwetu, unamkosa kabisa mjamzito anayekula pemba. Yeye kwa siku anaweza kula gramu kumi, ishirini, na hiyo ni mara mia au mia mbili ya ile namba niliyompa mtoto. Udongo ule ukichimbwa karibu na mabaki ya mgodi, hapo ni dharura. Risasi inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Na hata risasi aliyoihifadhi mama kwenye mifupa tangu utoto wake inaweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito, kwa sababu mwili unachota kalsiamu ya mifupani na risasi inatoka nayo.

Ndiyo maana kabla ya kushika koleo mimi hukaa kwanza na wanawake wa mtaa, nikauliza. Mboga mnaanika wapi? Mihogo na dagaa mnatandaza chini au kwenye kichanja? Kuku wanachakura wapi? Kule Kabwe kuku wa kienyeji walipimwa, wakakutwa na risasi nyingi kwenye maini na figo, sehemu ambazo kwetu anapewa mgeni au mkubwa wa nyumba. Watoto wanacheza mpira wapi? Mara nyingi ni juu ya bwawa la tope lililokauka, maana ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare. Nusu saa ya mazungumzo ya namna hii inakuonesha njia ambazo ramani haizioni.

Mkulima Kahama

Ulisema utagusia dhahabu. Sisi huku ni mpunga, na mialo, zile sehemu za kusaga na kuosha mawe ya dhahabu, ipo juu ya mabonde yetu. Tuangalie nini?

Mpima Udongo

Kila mgodi una sumu yake, inategemea mwamba na dawa zilizotumika. Kwenye dhahabu yapo mambo manne. Arseniki inaweza kuwemo kwenye mwamba wenyewe. Zebaki ni ya wachenjuaji wadogo, wanaonasia dhahabu. Sianidi ni ya wenye marudio na mitambo, nayo inaua haraka ikimwagika ila juani inavunjika, hivyo kwenye mgodi uliofungwa miaka mingi haiwi tishio la kwanza. La nne ni maji makali kama ya betri, yanayotokea mawe yenye salfa yakikutana na hewa na mvua, na yanazidi kutoka miongo mingi baada ya mgodi kufungwa.

Kwa mpunga, jihadhari na zebaki. Kuna mji China unaitwa Wanshan, mkoa wa Guizhou, ulichimba zebaki kwa karne nyingi mpaka mwaka 2001. Kawaida zebaki ya kwenye chakula tunaitafuta kwenye samaki. Pale watu hawali samaki wengi, na watafiti wakakuta njia kuu ni wali. Jaruba lililotuama maji lina vijidudu vinavyoigeuza zebaki kuwa ya aina mbaya zaidi, na mpunga unaipandisha hadi kwenye punje. Kwa hiyo eneo lenu likipimwa kwa maji ya kunywa na udongo peke yake, mkatae. Dai punje zipimwe, na ziwe za mavuno ya bonde lilelile.

Kijana wa Jomvu

Mimi niko Mombasa. Yenu ni ya mgodi, yetu ilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri pale Owino Uhuru, Mikindani, lakini sumu ni hiyohiyo ya risasi. Kilifungwa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido alipeleka kilio chetu mpaka dunia ikasikia. Mahakama ya mazingira ilitoa hukumu mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Disemba 2024. Ndugu zangu, bila vipimo vya damu na vya udongo hatungekuwa na la kusema kortini. Wekeni karatasi zenu. Kila mtoto akipimwa, mzazi aombe nakala, asikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

Mpima Udongo

Asante sana ndugu yangu. Kabwe nao walikwenda mahakamani. Oktoba 2020 kesi ilifunguliwa Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American South Africa, kwa niaba ya watoto na wanawake wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Kampuni inakana kuwajibika. Disemba 2023 jaji alikataa kesi hiyo isikilizwe kama ya pamoja. Na kusafisha? Benki ya Dunia ilifadhili mradi kuanzia 2003 hadi 2011, ukasafisha mfereji uliokuwa ukitoa maji mgodini na kupima baadhi ya watoto. Mwaka 2016 ukaja mwingine wa takriban dola milioni 65, kwa Kabwe pamoja na miji ya Ukanda wa Shaba. Milima ya mabaki haikuondoka. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, kwenye ripoti yao ya 2019, walisema watu zaidi ya 76,000, kama theluthi ya mji, wanaishi kwenye mitaa yenye risasi.

Nami nina donda langu. Miaka ya nyuma nilishiriki kupima kijiji kimoja jirani na mgodi uliofungwa. Tulikuta nyua tatu zenye namba za kutisha. Ripoti ikaandikwa vizuri, ikapigwa mhuri, ikaingia kabatini. Wenye nyua zile hawakuambiwa. Nilikuwa kijana, niliogopa kazi, nikanyamaza. Nilirudi baada ya miaka miwili nikakuta kwenye ua mmoja kuna mtoto mchanga. Siku hiyo mama mwenye nyumba nilimwambia mwenyewe, nimesimama mlangoni. Tangu hapo sipokei kazi kama mkataba hausemi wenye nyumba watapewa majibu yao, kwa lugha yao.

Nesi wa Zamu

Umefanya vema kumwambia, hata kama ulichelewa. Naomba uwaeleze watu cha kufanya nyumbani wakati wanasubiri wakubwa.

Mpima Udongo

Haya yanapunguza, hayamalizi. Asubuhi nyunyiza maji kabla ya kufagia; fagio la chelewa juu ya ua mkavu linarusha vumbi lile jembamba kabisa, ambalo ndilo baya. Sakafu ya ndani ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Viatu viishie mlangoni. Watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula, siyo suuza. Leta udongo safi kutoka mbali, utandaze juu ya ua, upande nyasi, hasa pale wanapocheza wadogo. Anayefanya kazi kwenye marudio abadili nguo huko huko. Na chakula kina nafasi yake: mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu anafyonza risasi zaidi, hivyo dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa ni kinga kwa sehemu. Mtoto asikae na njaa, tumbo tupu linafyonza zaidi.

Dereva wa Tunduma

Na binamu yako umemjibu nini? Ajenge?

Mpima Udongo

Nimemwambia asilipe hata shilingi kwanza, achukue udongo. Nawawekea na nyinyi nilivyomwelekeza, labda mtahitaji.

Gawa kiwanja vipande vinne. Kila kipande chukua vijiko kumi kutoka sehemu kumi tofauti, juu kabisa, sentimita mbili tu. Wengi wanachimba shimo la goti wakidhani chini ndiko kwenye ukweli, lakini mtoto hachezi chini ya goti. Changanya vya kipande kimoja kwenye ndoo safi ya plastiki, weka kwenye mfuko, andika. Chukua na mfuko mmoja kutoka mahali pa mbali, upande upepo unakotokea, uwe wa kulinganisha. Kama nyumba ya jirani ipo, omba kufagia vumbi la juu ya kabati au dirishani, hilo linasema mengi kuliko ua. Maabara waambie wachekeche na kupima ile sehemu laini, chini ya mikroni 250 (robo ya milimita) au hata 150, ndiyo inayoganda kwenye vidole. Wakupimie arseniki, risasi, zebaki na kadmiamu. Namba ikitoka juu, kuna kipimo cha pili: udongo unalowekwa saa moja kwenye maji yenye asidi kama ya tumboni, nyuzi 37, ili kujua ni kiasi gani kingeyeyuka mwilini. Risasi ikiwa bado imefungwa na salfa kwenye jiwe huyeyuka kidogo, ile iliyooza kwa hewa au iliyotoka kwenye moshi wa tanuri huyeyuka sana. Nyua mbili zenye namba moja zinaweza kuwa na hatari tofauti kabisa.

Kanitumia picha leo asubuhi, mifuko mitano, kaiandika kwa kalamu ya wino mzito. Jumatatu inapanda basi. Majibu yakitoka nitayaweka hapahapa, yawe mazuri au mabaya.

Mzee wa Mwalo

Mpima, nisikilize. Uani kwangu wajukuu wapo wanne, na uzio nimejengea magwangala. Nikituma mifuko yangu na mimi, utanielekeza niipeleke wapi?

Mpima Udongo

Ndiyo mzee wangu. Nakuandikia pembeni sasa hivi.